Nilivyosugua Waridi la Mkwe

Nyinyi vijana mnaosema miiko imekwisha na ukoloni, sikieni aibu yangu. Kwetu Kendu Bay, mama hamgusi mkwe wake hata kwa kidole. Juzi mchumba wa binti yangu, baharia wa Mombasa, alileta ng'ombe wa mahari. Alipokunja mikono ya shati anawe, nikaona wekundu mkononi. Damu! Nikaruka mbele ya wazee, nikamshika, nikasugua kwa leso. Haikutoka. Wazee wake wakasimama waondoke na ng'ombe wao.

“Maro, mama mkwe wangu, ni waridi,” kijana akasema polepole. “Nilichorwa kwa sindano, nimkumbuke marehemu mama.”

Nikatazama. Lina majani mabichi, hata tone la umande!

“Kaeni,” mjomba wake akacheka. “Mama mkwe alikuwa anapangusa umande.”

Nikaamuru nyumba nzima: mkwe akija, apewe koti kwanza, maji baadaye.