Nilivyowapeleka Wadogo Zangu Fumba

Mwezi uliopita mwanangu alinichukua kwa gari yake kwenda Fumba. Ilikuwa Sikukuu Pili, yaani siku ya pili ya Idi, wajukuu wangu watatu wamekaa nyuma na nguo zao mpya, na kabla sijamaliza kumuuliza mkwe wangu habari za kwao, tushafika. Lami mpaka mwisho. Pale palipokuwa na mawe na vichaka pana majumba yaliyopangwa mstari, yenye bustani na maduka ya vioo. Tulipopita Dimani nilimwomba mwanangu apunguze mwendo. Akaniuliza kama nimesahau kitu nyumbani. Nikamwambia sikusahau kitu, ndiyo maana nataka apunguze. Basi nikawahadithia, na wewe nakuhadithia kama wao, ila kwako sitafupisha.

Siku hizo tukikaa Ng'ambo, karibu na pale palipokuwa pakijengwa majumba marefu ya Michenzani. Asubuhi tukiamshwa na ngurumo za mashine za zege, na vumbi lake likituingilia mpaka kwenye chai. Baba alikuwa mpishi wa hospitali. Mama alikuwa mtu wa Fumba, na hapo ndipo penye kisa. Bibi, mzaa mama, alikuwa na mtu wake aliyetaka kumwoza binti yake, mtu wa huko huko mwenye shamba la minazi. Mama akamtaka baba, kijana wa mjini ambaye babu yake alikuja Unguja kutoka bara, na ambaye hakuwa na mnazi hata mmoja. Babu, mumewe bibi, akaridhia, ndoa ikafungwa, lakini bibi akasema nyumba ile ya mjini hatatia mguu. Na hakutia. Nilizaliwa mimi, hakuja. Wakazaliwa wadogo zangu, hakuja.

Lakini sisi wajukuu alitupenda, hilo sitamdhulumu. Kila Sikukuu Pili mama alitupeleka kwake tukalala siku mbili, tukarudi tumesheheni muhogo na nazi. Mama naye alikuwa na kiburi chake. Alitupeleka tumenyooka, nguo zimepigwa pasi ya makaa, nywele zimesukwa, soksi nyeupe. Hakutaka mtu wa Fumba aseme kwamba binti yao ameolewa akaenda kutaabika mjini. "Mkiingia kwa bibi yenu," alikuwa akituambia, "muingie kama watu waliotoka kwao."

Mwaka ninaokusimulia, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mama alijifungua katikati ya Ramadhani. Idi ikaangukia Ijumaa, mtoto ana siku kumi na nane, mama yumo kwenye arubaini yake na hatoki nje. Baba alikuwa na zamu siku zote za sikukuu, maana wagonjwa hawana sikukuu. Ijumaa ile, baada ya alasiri, tulikuwa tumerudi kutoka kwenye pembea za Mnazi Mmoja, midomo yetu myekundu kwa ubuyu, nikawasikia wanazungumza chumbani.

"Mwaka huu wasiende," baba alisema. "Bibi yao atafahamu."

"Hatofahamu. Atasema nimewazuia."

"Sasa nani atawapeleka?"

Mama akaniita. Nikaitika naam, nikaingia. Alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni kana kwamba ananipima nguo.

"Utaweza kuwapeleka wenzio kwa bibi?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nikasema nitaweza. Baba akatikisa kichwa.

"Ataweza," mama akamwambia, na alilisema neno lile kama mtu anayesema kwamba kesho ni Jumamosi. Kisha akanigeukia. "Nakupa sharti moja tu. Msitengane. Litokee litakalotokea, nyote wanne muwe pahala pamoja."

Asubuhi yake baba alitufikisha Darajani kabla ya kwenda kazini, akatupandisha kwenye gari la shamba, lile lenye bodi ya mbao na mabenchi. Mdogo wangu wa kike, wa miaka minane, alipakata kopo la vileja vya unga wa mchele ambavyo mama alivioka akiwa juu ya kitanda cha uzazi, akimwelekeza jirani kwa mdomo: samli hiyo, iliki zaidi, usiunguze. Mchele siku hizo ulikuwa wa kupangia foleni, na vileja vile vilikuwa ndiyo fahari ya nyumba nzima. Kaka yetu mdogo, wa miaka mitano, alishika mlingoti wa gari akajifanya utingo. Yule aliyekuwa kitinda mimba wetu kabla ya huyu mchanga, wa miaka miwili na nusu, alikaa mapajani mwangu. Furushi la nguo za kubadilisha nililikalia.

Tulipopita Dimani gari liliingia shimo lililojaa maji ya vuli. Tukasikia kitu kimekatika chini, gari likainama upande mmoja likatulia. Dereva akaingia uvunguni, akatoka ana tope mpaka masikioni.

"Ekseli," alisema. "Hapa tena mpaka lije gari jengine."

"Litakuja saa ngapi?" mama mmoja akamuuliza.

"Labda alasiri. Labda kesho."

Abiria wakashuka wakinung'unika, wakatwika mizigo yao, kila mmoja akashika njia yake. Baada ya muda mdogo tukabaki sisi, dereva na utingo wake. Kaka yangu akaanza kulia kwamba anataka kurudi kwa mama. Nikatazama nyuma, barabara nyekundu ya matope. Nikatazama mbele, matope yale yale. Ila mbele ndiko kulikokuwa na bibi.

Wakati nawaza, akapita mwanamme mmoja amepanda baiskeli, kanzu ameikunja kiunoni. Akasimama. Tukamwamkia.

"Marahaba. Nyie watoto wa nani?"

Nikamtaja bibi yangu. Akatabasamu. "Mie ndiye mwalimu wa chuo cha Kurani cha pale kwao. Nipe hao wawili wadogo niwapakie, nyie wakubwa mje taratibu. Watafika saa hii hii."

Nakwambia kweli, nilitamani. Mgongo wangu ulikuwa ushajua uzito wa mtoto yule. Tena mtu mwenyewe alikuwa na uso wa wema, na kofia yake imenyooka. Lakini mama alinipa sharti moja tu.

"Ahsante, mwalimu," nikasema. "Mama kasema tusitengane."

"Ni mwendo wa saa mbili, mwanangu. Na hao wadogo?"

"Tutakwenda hivyo hivyo."

Alinitazama kidogo, nikadhani atakasirika. Akasema, "Haya, basi mie nitatangulia niwaambie mnakuja," akakanyaga baiskeli akaenda zake.

Hapo nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Niliwavua wote nguo za sikukuu pale pale kando ya njia, nikazikunja kama mama alivyokuwa akikunja, viatu na soksi nikavifunga peke yake kwenye kanga. Nikawavisha nguo kuukuu za kuchezea. Mdogo wangu wa kike akanuna, hataki kuonekana na gauni lililofumka kwapa siku ya Idi. Nikamwambia kwapa halionekani ukipakata kopo. Akalipakata. Mdogo kabisa nikambeba mgongoni, kaka yangu akashika pindo la gauni langu, furushi nikaliweka kichwani, tukaanza.

Matope yalitupanda mpaka magotini. Kaka yangu kila baada ya hatua mia alikaa chini akasema miguu yake imekwisha. Nikamwonyesha mnazi uliopinda mbele na kumwambia tukifika pale kila mtu atapata kileja. Tukafika, tukala. Nikamwonyesha kibanda cha makuti. Tukafika, tukala. Nilijua vileja si vyetu, lakini nilihesabu kwamba bibi angependelea wajukuu kuliko vileja. Tukaimba kasida za chuoni, tukahesabu kunguru, na mdogo wangu wa kike, kanuna vile vile, akambeba mwenzetu pale mgongo wangu uliposhindwa, bila ya mimi kumwomba. Hilo sijalisahau.

Kijiji cha Bweleo tukapewa maji ya kunywa na wanawake waliokuwa wakipepeta, wakasema tukae tupumzike. Nikashukuru, nikakataa, maana niliona watoto wakikaa tu watalala.

Mwanzo wa Fumba palikuwa na kisima. Nikateka maji, nikawaosha mmoja mmoja, uso, masikio, miguu, kati ya vidole. Nikawavisha nguo zao za sikukuu, soksi, viatu. Nikamfunga utepe mdogo wangu. Mwisho nikajiosha mwenyewe. Nilikuwa nafunga kamba za kiatu cha kaka yangu niliposikia sauti za wanawake zinakuja kwa haraka.

Alikuwa bibi, kanga kajifunga kiunoni, na nyuma yake mama wadogo wawili wana kanga za kubebea watoto. Mwalimu alikuwa amewaambia gari limekufa Dimani na wajukuu wanakuja kwa miguu kwenye matope. Walikuja wakitarajia kuokota watoto wanaolia. Wakatukuta tumesimama mstari mmoja, mikono kwa mbele, soksi nyeupe pee.

"Shikamoo bibi," tukasema kwa pamoja.

Bibi alitutazama, akatazama barabara tuliyotoka, akatutazama tena.

"Marahaba. Yuko wapi mamaenu?"

"Yuko nyumbani, bibi. Kazaa mtoto wa kike."

"Na kakuleteni nani?"

"Mie," nikasema.

Mama mdogo mmoja akacheka, akifikiri natania. Bibi hakucheka. Alininyang'anya furushi akaliweka kichwani mwake, akanishika mkono mpaka nyumbani, na kila tuliyempita aliambiwa habari yetu, mara nyengine kabla hajauliza.

Mchana ule walipika wali wa nazi na pweza, na kuku mmoja akachinjwa kwa ajili yetu. Watoto walitandikiwa mkeka wao uani. Nikaenda kukaa nao. Bibi akaniita ndani, akanionyesha nafasi kwenye sinia la wanawake wakubwa, baina yake na mama mdogo. Sijui kama naweza kukueleza. Nimekula karamu nyingi tangu siku ile, sijapata kukaa tena mahali pa juu namna ile. Nikaungama habari ya vileja. Kopo lilikuwa limebaki nusu. Bibi akavionja, akasema iliki imekaa sawa. Nje mwalimu alipita kutoa mkono wa Idi, tukamsikia anasema barazani, "Mjukuu wenu kaninyima watoto. Yule, mtu anaweza kumwachia hata nyumba."

Tulipokuwa tunamalizia kula, bibi akaniuliza, bila ya kunitazama, "Nani anamkanda mamaako?"

Wewe unajua, mzazi hukandwa kwa maji ya moto mpaka arubaini itimie, na kazi ile ni ya mamaake.

"Jirani," nikasema.

"Kila siku?"

"Akipata nafasi. Siku nyengine mama anajikanda mwenyewe."

Sikukusudia kumsema mtu. Nilijibu nilichoulizwa. Lakini mkono wa bibi ulibaki kwenye sinia, na mama wadogo wote wakainamia chakula.

Jumapili tulicheza na binamu zetu ufukweni, tukaokota chaza, tukaungua jua. Bibi alishinda anapika mafuta ya nazi, akachuma majani, akafunga kuku wawili miguu. Nikadhani atatupa sisi tumpelekee mama. Jumatatu asubuhi, gari jengine la shamba liliposimama barazani, bibi akatoka amevaa buibui.

"Bibi, unakwenda wapi?" kaka yangu akauliza.

"Nina kazi mjini," akajibu, akapanda.

Tulipoingia nyumbani, mama alikuwa amelala ubavu, mtoto ndani ya mkono wake. Nilimwona anatuhesabu kwa macho, mmoja, wawili, watatu, wanne. Kisha macho yake yakapanda juu ya vichwa vyetu, yakasimama pale. Akataka kuinuka.

"Lala," bibi akamwambia. "Usininyanyukie."

Hakuomba radhi, wala mama hakudai. Bibi alimchukua mtoto, akamtazama vidole, akamrudisha, akavua buibui. "Nitilie maji jikoni," akaniambia, "mengi." Baba alipotoka zamu akamkuta mama mkwe anachochea moto uani kwake. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, akaamkia. Bibi akamalizia kwanza kusukuma kuni.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Ingia. Nyumba yako hii."

Alikaa mpaka arubaini ikatimia, na tangu hapo akawa anakuja kila baada ya mavuno, mpaka miguu ilipomkataa.

Nyumba ile ya Fumba imeanguka zamani, na kisima kimefukiwa. Magari ya mbao hayapo. Wazazi wa leo wanakandwa siku saba, wengine hawakandwi kabisa, na mimi mwenyewe nisingethubutu kumpa mjukuu wangu wa miaka kumi na moja watoto watatu na barabara. Simlaumu mtu, dunia imekuwa nyengine. Ila siku hizo njia nzima ilikuwa na watu wanaokuuliza mtoto wa nani, na jibu likakufikisha.

Wajukuu zangu waliposikia hadithi hii waliuliza kama nilipewa zawadi. Nikawaambia nilipewa. Miaka mingi baadaye, mama akiwa mzee, kila mgeni alipokuja alinionyesha kwa kidole, hata nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, akasema, "Huyu nilimpa wadogo zake watatu awapeleke Fumba, akanirudishia na mama yangu."