Baba Alipojiandikisha Mmeru

Babu yangu mzaa baba alifika Meru akiwa mpagazi, na hakuna aliyejua vizuri alikotoka. Yeye mwenyewe alikuwa akibadilisha jibu kila alipoulizwa. Alioa msichana wa Kimeru aliyekubali kusilimu, wakapanga chumba Majengo, mtaa wa Waswahili mjini, na humo akazaliwa Baba. Baba alikua akawa mchinjaji, mwenye bucha yake ya kukodi karibu na msikiti. Mimi, binti yake, nilitakiwa niwe mwalimu. Ndivyo alivyopanga: mpagazi, mchinjaji, mwalimu, kana kwamba maisha ni ngazi na kazi yetu ni kuinua mguu tu.

Alinipeleka shule ya misheni huko Kaaga. Majirani walinung'unika kwamba nitarudi Mkristo. Baba aliwajibu kwamba nikishahitimu atanisilimisha upya, gharama juu yake. Nilikuwa hodari wa hesabu, na alipenda kunikalisha kwenye kiti cha bucha niwajumlishie wateja huku yeye akikata nyama na kujifanya hasikilizi.

Lakini bucha ni kazi ya leo ipo kesho haipo. Wanafunzi wenzangu waliokuwa na uhakika wa karo walikuwa watoto wa wakulima wa kahawa kule juu milimani. Baba aliwaona wazazi wao wakija mjini na viatu, akaumia. Akatia akilini kwamba bila kahawa sitafika mwisho wa shule. Na kahawa ilitaka shamba, shamba likataka ukoo, na mtu wa Majengo hakuwa na ukoo wa kumpa shamba.

Akakumbuka wajomba zake. Alikwenda kwa kaka yake nyanya, mzee mpole aliyekohoa sana, akaomba apokewe katika ukoo wa mama yake. Wazee walikubali. Ilibidi achinjwe kondoo dume, kama desturi inavyotaka, na Baba akaomba kisu akishike yeye ili nyama iwe halali kwake. Walicheka, wakampa. Alisoma bismillahi kwa sauti ya chini, wakala pamoja, akaonyeshwa kipande cha ardhi karibu na msitu. Baada ya hapo alikwenda kwa chifu, aliyekuwa pia amekula ile nyama, na kipande chake cha kitambulisho kilichokuwa kikisema Mswahili kikaandikwa Mmeru. Siku hiyo alirudi na sukari nyingi, tukanywa chai tamu mpaka Mama akamwambia aache ubadhirifu. Sijawahi kumwona na furaha kama ile tena.

Tulipanda miche. Mimi nilibeba maji kutoka mtoni, nikiamini kila mche ni darasa langu moja.

Kisha ikaja Imajensi, hali ya hatari ambayo serikali ya wakoloni ilitangaza kupigana na Mau Mau. Wameru, Waembu na Wakikuyu walifungwa fungu moja, wote wakawa watu wa kuchungwa. Tulihamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha, na langoni wakakaa hom gadi, askari wenyeji wa serikali. Kafyu, marufuku ya kutoka nje, ilianza jua likizama. Majirani zetu wa Majengo, kwa kuwa walihesabiwa Waswahili, waliendelea kwenda na kurudi, na sisi tukawatazama kupitia miti ile.

Anayejua kazi ya nyama ataelewa kilichotupata. Ng'ombe huchinjwa kabla ya alfajiri ili nyama iwe imening'inia wateja wakiamka. Lango letu lilifunguliwa jua likiwa juu, na likifunguliwa ni kwenda kuchimba handaki na matuta kwa lazima, si kwenda sokoni. Bucha ilikaa imefungwa mpaka mwenye nyumba akachoka, akampa mtu mwingine. Kaaga nayo ikawa mbali. Kupita kulitaka pasi, na hata pasi ingepatikana, karo haikuwepo. Nikaacha shule.

Baba alikwenda kwa chifu kuomba arudishwe Mswahili. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika chupa ya maji.

"Mzee," chifu alimwambia, "si ni wewe ulikuja hapa ukililia kuwa Mmeru? Mmeru ndiye huyu. Chukua jembe."

Baba alilichukua. Njia nzima hakunitazama.

Shamba letu lilikuwa nje ya handaki, tukakatazwa kulifikia. Baadaye wakafyeka kila kitu karibu na msitu ili watu wa porini wasipate pa kujificha, na miche yetu ikaenda pamoja na vichaka. Hata hivyo Baba alisema udongo upo palepale, tutapanda tena. Lakini kijijini kule mjomba wake alizidiwa na kifua, akafa. Mashamba yalipokuja kupimwa, vijana wa ukoo walisema hawamjui mtu wa Majengo anayetafuta urithi kwa wenyewe. Waliokula yule kondoo na walio hai bado walitazama chini. Wakati wa kuchimba tulikuwa Wameru, wakati wa kupima tukawa Waswahili. Nimezeeka na bado hasira hiyo hainitoki.

Tulirudi Majengo tukapanga chumba. Baba akaajiriwa kukata nyama kwenye bucha ileile iliyokuwa yake, na mimi nikawa naosha matumbo uani.

Asubuhi moja aliingia mwalimu wangu wa hesabu kutoka Kaaga, mwanamke wa Kimeru, mpole, kununua nyama. Aliniona nimeshika ndoo. Akamwuliza Baba kwa nini sikurudi shule, maana nafasi yangu ilikuwa bado inakumbukwa.

Nilitamani Baba aseme ukweli, kwamba tuliporwa. Alipangusa kisu kwenye aproni.

"Huyu? Huyu hakuwa na kichwa cha shule, mwalimu."

Mwalimu alijua ni uongo, kwa kuwa yeye ndiye aliyenisahihishia madaftari. Aliniangalia, akamwangalia Baba, na kwa heshima ya mtu mzima akalipia nyama yake akaondoka. Nikaenda nyuma kumwaga maji, nikalia huko, nikarudi.

Nilidhani ni neno la siku moja la kuficha aibu. Lakini alilirudia posa ilipokuja, na kwa wageni, na kwa wateja waliouliza. Niliolewa na mpasua kuni wa hapohapo Majengo. Mwanangu wa kwanza alipofikia umri wa kuanza shule, nilimshonea kaptula, nikampeleka kwa babu yake ampe baraka. Baba alimpapasa kichwa mtoto, akaniambia nisijisumbue kupoteza karo, kwetu sisi hakuna vichwa vya shule.

Nilimtazama usoni nione kama anaona haya. Hakuona. Alikuwa ameshaamini.