Masikio ya Mzee Yotham

Mzee Yotham Chitema hakuwahi kupima maikrofoni kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Alitaja stesheni za reli alikokulia, kwa mpangilio wake kuelekea magharibi: "Zuzu. Kigwe. Bahi. Kintinku." Baba yake alikuwa kibarua wa njia ya reli. Alizitaja hata alipojaribu simu ya ofisini, hata redio ya jirani aliyomaliza kuilehemu, kwa sauti ya mwalimu anayeita majina ya wanafunzi.

Tulifanya kazi katika shirika moja la umma hapa Dodoma. Yeye alikuwa fundi wa vipaza sauti vya ukumbi wa mikutano. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha uhazili, nikawa katibu muhtasi wa meneja. Mwaka 1993 mashirika mengi yalikuwa yanauzwa au kufungwa, na sisi tuliambiwa tujitegemee: ukumbi ukodishwe kwa watu wa semina. Watu wa semina wakaja, wakalalamika. Spika zilivuma kama mzinga wa nyuki.

"Amplifaya imechoka, kapasita zimevimba," Mzee Yotham alimwambia meneja, Bwana Ludovick. "Nipe kapasita sita na wiki moja."

Meneja hakutaka kusikia habari za kapasita. Alikuwa amekwisha kuelewana na Faridi, mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, aliyeleta waya wa spika mnene kama kidole gumba, ncha zake zimepakwa dhahabu, umelazwa kwenye kisanduku cha mahameli kama mkufu wa bibi harusi. Mita moja ya waya ule ilizidi mshahara wa fundi wa miezi miwili. Faridi alisema waya wa kawaida hula sauti njiani. Ili manunuzi yapite ilihitajika karatasi moja tu: fundi wa ukumbi athibitishe kwa sahihi yake kwamba ameusikiliza waya na tofauti inasikika.

Kwenye droo ya Bwana Ludovick kulikuwa na orodha ya watakaopunguzwa kazini. Niliipiga chapa mimi. Jina la Mzee Yotham halikuwamo. Alikuwa amebakiza miaka mitatu afikie pensheni, na binti zake wawili walikuwa sekondari.

"Tia sahihi, Mzee," meneja alimwambia mbele yangu. "Orodha bado haijafungwa. Kalamu itakuuma?"

"Haitaniuma, bosi. Ila nimeusikiliza siku tatu. Sisikii kitu."

"Masikio yako yamezeeka."

"Basi tuyapime pamoja na ya vijana."

Ijumaa asubuhi tuliitwa ukumbini, watu kumi na wawili. Faridi alisimama pembeni akitabasamu. Mzee Yotham alivuta pazia la jukwaa, akapiga kanda ya kwaya.

"Huo ni waya wa zamani," alisema. Akapotea nyuma ya pazia. Tulimsikia akihangaika, vyuma vikigongana, kisha kwaya ikaanza upya. "Haya. Aliyesikia tofauti anyooshe mkono."

"Aa, hii sasa ni habari nyingine!" alisema Masudi wa uhasibu. "Nasikia mpaka mwimbaji anavyomeza mate!"

Mikono kumi na mmoja ilipanda. Aliyebaki ni Generosa wa jikoni, aliyesema yeye hakusikia lolote isipokuwa tumbo lake. Mkono wangu ulikuwa juu. Sikuunyoosha kwa kumwogopa meneja. Nilisikia kweli. Sauti za wanawake zilinifikia zimetakata, kama zimeoshwa.

Mzee Yotham akafungua pazia. Waya wa Faridi ulikuwa ndani ya kisanduku chake, juu ya kiti. Haukuwa umeguswa tangu tuingie.

"Ni waya ule ule wa zamani," alisema taratibu. "Mara zote mbili."

Generosa alicheka mpaka akashika kiuno. Masudi akapata kikohozi. Bwana Ludovick aliinuka, akatoka bila kumtazama mtu.

Jumatatu aliniita niandike muhtasari. Nakumbuka kila neno: "Wafanyakazi kumi na mmoja kati ya kumi na wawili walithibitisha kusikia tofauti." Hapakuwa na uongo katika sentensi ile. Habari ya pazia haikuandikwa. Chini yake palihitajika sahihi ya shahidi, kwa kuwa fundi alikuwa amekataa, nami nikaitia. Kisha nikaweka karatasi nyingine kwenye taipureta, nikaongeza jina moja mwishoni mwa orodha.

Waya ukanunuliwa, ukafungwa. Spika ziliendelea kuvuma.

Mzee Yotham alirudi nyumbani kwake Ipagala, akafungua ufundi wa redio barazani. Lakini madukani zilikuwa zimejaa redio za bei rahisi kutoka nje. Redio ikiharibika watu walinunua nyingine. Binti mkubwa, Elieth, aliacha shule mwaka ule ule. Mdogo alifuata mwaka uliofuata. Halafu kifua kikamshika Mzee.

Ilinichukua miaka minne kwenda kumwona. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, shati limempwaya, Elieth akimpa uji kwa kijiko.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Edina. Karibu, mwanangu. Spika bado zinavuma?"

"Bado."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nilisubiri kipite. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, yakanitoka machache.

"Mzee, siku ile sikuwa nadanganya. Nilisikia tofauti kweli."

Alikisogeza kijiko cha uji pembeni.

"Najua ulisikia," alisema. "Asubuhi ile, kabla hamjaingia, niliufunga ule waya mpya, nikakaa kiti cha mbele, nikamwomba Mungu anijalie kusikia chochote, hata kidogo, nitie sahihi yaishe. Hakunipa."