Valvu ya Moyo wa Baba Mdogo Inavuja, Nao Wanamtaka Nyumbani

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa bwenini ninayemwambia kila kitu. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na kwetu ni Tetu. Mimi si msemaji. Wageni wakija nyumbani, mimi hukaa jikoni na kitabu changu. Nawaandikia kwa sababu ukurasa huu wa ushauri huficha majina, na kwa sababu watu wazima walio karibu nami nimeshindwa kuwaheshimu.

Baba Mdogo, kitinda mimba wa babu yangu, alikwenda Amerika kusoma akaugua moyo huko huko. Madaktari walimpasua wakamwekea pampu ndani ya mwili, isaidie moyo kusukuma damu wakati anangoja kupewa moyo wa mtu mwingine. Habari zilipofika, Baba Mkubwa alizitangaza kanisani kana kwamba pampu ameiunda yeye. "Ndugu yangu amewekewa injini mpya," alisema. "Sasa ni mzima kuliko nyinyi wote." Watu wakapiga makofi.

Likizo ya Pasaka, jamaa wakiwa wameanza kumtaka aje nyumbani, Baba Mdogo alipiga simu kwa jirani akaniulizia mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayezungumza naye mambo ya sayansi. Aliniambia kwamba valvu moja ya moyo wake imeanza kuvuja, ile iliyo kwenye mlango wa mshipa mkubwa. Pampu inasukuma damu kwenye mshipa, lakini nyingine inarudi moyoni kupitia valvu hiyo, pampu inaivuta tena, na damu ile ile inazunguka hapo. Mashine inachoka na mwili haupati kitu. Alikuwa akihema kwa kuongea tu. "Wamenilaza tena. Kusafiri ni kujiua," alisema. "Waeleze polepole, mama." Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Niliwaeleza Baba Mkubwa na shangazi zangu. Afadhali ningewaeleza mbuzi.

"Ati pampu inavuja? Pampu ya Amerika?" Baba Mkubwa aliuliza.

Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya kiwanda chetu cha kahawa, kwa hiyo nilifikiri nimpe mfano anaoujua. Kiwandani kuna pampu inayovuta maji mtoni. Wakati fulani valvu ya bomba iliharibika, maji yakawa yanapanda na kurudi mtoni, na pampu inanguruma mchana kutwa. Tangi lilikauka na kahawa ikaoza. Baba Mkubwa alikuwa amesimama pale akisema pampu ni nzima kwa sababu anaisikia. Nilimwambia moyo wa Baba Mdogo uko hivyo sasa.

"Kwa hivyo ndugu yangu ni kiwanda," alisema. Shangazi zangu walicheka hadi wakajifuta machozi. Mmoja akaongeza, "Huyu tukimsomesha zaidi atatuambia sisi ni matrekta." Hawa ndio watu ninaopaswa kuwasalimia kwa mikono miwili.

Sababu ya kumtaka nyumbani ni shamba. Guka, babu yangu, ameamua kuwagawia wanawe. Kwetu siku hiyo kila mwana husimama kwenye kipande chake mbele ya wazee, na maua ya itoka hupandwa kwenye mpaka kuwa alama yake. Asiyesimama hapandiwi, na kipande chake hupotea. Baba Mkubwa naye alikuwa ameshaalika kamati nzima ya kiwanda waje kumtazama mtu mwenye injini.

Alinipeleka posta ya Nyeri kupiga simu hospitalini, kwa sababu wanaopokea ni wauguzi na Kiingereza yeye hakijui, ingawa hukitikisia kichwa kana kwamba anakielewa. "Mwambie kwamba Guka yuko mahututi," aliniamuru. "Aje kabla mzee hajafa." Wakati huo Guka alikuwa nyumbani akiwakatia ng'ombe majani.

Muuguzi alipopokea, nilimwambia kwa Kiingereza kwamba Guka ni mzima, kwamba Baba Mdogo akisikia lolote kuhusu kifo ni uongo, na kwamba asisafiri. Baba Mkubwa alitikisa kichwa kwa kila neno kama mtu anayefurahia mahubiri.

"Umesema hiyo ya Guka?"

"Nimesema habari za Guka."

"Vizuri. Sasa atakuja mbio."

Hakuja. Sasa Baba Mkubwa anazunguka akimwambia kila mtu kwamba alimwita ndugu yake kwa heshima naye akakataa, kwamba Amerika imemfunza dharau, na kwamba kipande chake watagawana waliobaki. Guka amesikia. Siku hizi hataji jina la Baba Mdogo. Kinachoniumiza ni kwamba kwenye simu sikueleza habari za kipande. Nilimwokoa asisafiri, lakini nilimwamulia mtu mzima apoteze shamba na baba yake bila yeye kujua. Nikisema ukweli, baba yangu atanipiga kwa kumwaibisha kaka yake. Nikinyamaza, mgonjwa atarithi jina la mtoto mbaya. Nishaurini, ninyi mliokomaa kuliko hawa wangu: nifanye nini?

Nilikuwa nimekusudia kungoja majibu yenu. Lakini ukurasa huu hutoka mara moja kwa mwezi, na mpaka unapandwa Jumamosi. Leo asubuhi nilimfuata Guka akikamua ng'ombe. Nilimweleza pampu, valvu, na simu ya posta, nikamwambia ni mimi niliyesema asije. Hakuinua kichwa. Alikamua hadi ndoo ikajaa, akaiweka mbali na mguu wa ng'ombe.

"Ati niko mahututi," alisema. "Enda uniitie Baba Mkubwa wako."

Nilienda nikamwita. Alipofika sikurudi jikoni. Nilikaa juu ya gogo karibu na Guka na kurudia yote kuanzia mwanzo, Baba Mkubwa akiwa amesimama mbele yangu.