Nusu ya Katiba ya Marekani

Miaka ile vyama vingi viliporuhusiwa, sisi walimu wa Siasa tuliambiwa sasa tufundishe Uraia. Mimi nikakurupukia katiba ya Marekani. Niliifundisha hadi darasa la watu wazima pale Ngulyati, ndani ya ghala la ushirika lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi wa pamba waingie.

"Serikali yao kuu ina mamlaka yale yaliyoandikwa tu," nikasema kwa mbwembwe. "Yaliyobaki ni ya majimbo na wananchi wenyewe."

Mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wa kijiji chetu, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mkubwa haingilii ya nyumbani kwa mtu?"

"Haingilii." Njaa ilikuwa inaniuma, nikafunga kitabu.

"Wabeja, Mwalimu," akashukuru.

Wiki hiyohiyo ulipigwa mwano, yowe la ng'ombe walioibwa, ambalo kila nyumba lazima iliitikie. Shangazi yangu hakutoka. Malaria ilikuwa imemlaza. Sungusungu wakamtenga: asipewe moto wala maji, na atakayemsalimia atengwe naye.

Nilikwenda mbio kwa mtemi. Nikamwomba kesi ipelekwe mahakama ya mwanzo, Shangazi asikilizwe.

"Mwalimu, si umetufundisha mwenyewe? Ya jimbo, jimbo linamaliza."

Mdomo wangu ulikuwa umemponza shangazi yangu! Nikaeleza harakaharaka kwamba Wamarekani, baada ya kupigana wenyewe kwa wenyewe juu ya utumwa, waliongeza kifungu: hata jimbo lisimnyang'anye mtu uhai, uhuru wala mali bila kufuata sheria.

Mtemi hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Mbona hilo hukulisema Jumanne darasani?"

Kifungu hicho kilikuwa kurasa chache tu mbele ya pale nilipofungia kitabu.

Kesho yake asubuhi nilipita kwa Shangazi nikielekea shule, pamoja na walimu wenzangu wawili. Alikuwa ameketi mlangoni, midomo imemkauka. Kwetu mdogo ndiye huanza salamu. Nilinyamaza, nikapita.

"Mwangaluka, mwanangu," akanisalimia yeye.

Nilikijua kile kifungu kwa moyo, neno kwa neno. Nikainamisha kichwa, nikaongeza mwendo.