Mimi Niliuita Utani

Kosa ni langu, ndugu yangu msomaji, na sina wa kumsukumia. Jina langu niachie. Huku Shinyanga bado watu wananiamkia kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo inayonichoma!

Zama za Mwingereza nilikuwa mwalimu wa shule ya kati, ya bweni. Ghala la majembe na mapanga lilikuwa mikononi mwangu. Darasani nilikuwa na Pazi, Mzaramo, ambaye baba yake alikuja kuchimba dhahabu Geita. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, wa kutaniana na hata kuzikana. Basi mtoto yule alitaniwa kutwa, naye akajibu, na aliyewashinda wote kwa kumtania ni rafiki yake Luhende.

Siku moja Pazi, akiwa kiranja, alimshtaki Luhende kwa kutoroka. Nikamchapa Luhende viboko sita mbele ya shule nzima. Tangu hapo wale wawili hawakutaniana tena. Mimi nikadhani sasa wamekua, wameshika adabu. Upumbavu gani ule!

Siku ya Jumanne, Pazi akanifuata.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mtani. Una shida gani tena?"

"Luhende anasema atanizika."

Nikacheka mpaka machozi. "Sasa akuzike nani kama si mtani wako? Ndiyo kazi yetu hiyo!"

"Lakini mwalimu, safari hii hakucheka."

Nilisikia. Wallahi nilisikia! Nikamwambia aende akachote maji.

Kibaya zaidi, niliingia darasani nikamuuliza Luhende mbele ya wenzake, "Wee, mtani wako unamzika lini?"

"Alhamisi, ng'walimu."

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Luhende alikuwa ameinamia daftari lake.

Alhamisi ilikuwa siku ya kufyeka shamba la pamba la shule. Wanafunzi wakapanga mstari ghalani. Ilipofika zamu ya Luhende nilimchagulia panga zuri, lenye makali, maana alikuwa mchapakazi. Nilimpa kwa mkono huu huu ninaoandikia!

Ya shambani sitayasimulia. Pazi hakufika hospitali.

Baba yake alikuja kutoka Geita kwa lori. Wewe unajua desturi: msibani mtani huzuia jeneza, hujitupa kaburini, hakubali kutoka mpaka apewe chochote, ili wafiwa wapate kucheka kidogo. Siku ile Wasukuma tulijaa pale, na hakuna aliyezuia jeneza. Mzee akanigeukia mimi, akaniuliza taratibu, "Mtani, leo hutanii?"

Jamani!

Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi, mtoto akikwambia mwenzake hakucheka, usimjibu kwa kicheko. Funga ghala. Waite wote wawili, uwasikilize mpaka mwisho, hata kama pamba itaoza shambani.

Mimi nimeshazeeka, na yule mzee alishafariki zamani. Lakini bado ananiuliza.