Huhana na Chumba cha Kushonea

Mwaka 2017 mji wetu wa Kawerau uliugua ugonjwa mpya: kuogopa kuta. P yenyewe, hiyo methamfetamini ambayo New Zealand nzima tumeipunguzia jina likabaki herufi moja, tulishaizoea. Jirani akivuta, unafunga dirisha. Lakini ukuta ambao mtu aliivutia P karibu nao miaka mitatu iliyopita uliwatoa jasho watu wa benki, wa bima na mawakala wa nyumba. Miezi michache tu, kila aliyekuwa akisafisha mazulia akawa mtaalamu wa sumu. Kozi ilikuwa ya siku mbili, chakula cha mchana ndani yake.

Huhana Tipoki naye aliisoma, akiwa na miaka hamsini na minane, baada ya kupunguzwa kazi kwenye kiwanda cha karatasi. Wenzake waliingia nyumbani kwa watu na maovaroli meupe na barakoa kama wanatua mwezini, hadi mwenye nyumba anaanza kujishuku. Huhana aliingia na soksi. Alisema dua fupi ya Kimaori kwa ajili ya waliofia humo, kisha akabandika fremu yake ya plastiki ukutani, akapangusa ndani ya fremu kwa kitambaa chenye spiriti ili kuchota masalia ya moshi. Kisanduku cha kazi alikiweka sakafuni, kamwe si juu ya meza ya kulia. Uchafu wa kuta na chakula cha watu, alisema, havikai pamoja hata benki ikiamuru.

Tiaho, binti wa kaka yake, mjamzito wa miezi sita, alitaka kununua nyumba ya mzee Colin Petherick, mjane wa miaka themanini na moja aliyekuwa anahamia karibu na binti yake. Benki ikataka nyumba ipimwe. Kwamba shangazi anampimia mpwa wake halikumshtua mtu. Kawerau ukitaka mpimaji asiye ndugu yako, agiza Australia. Ili kumpunguzia Tiaho gharama, Huhana alitumia njia ya mkato iliyotumiwa na wote: vitambaa vya vyumba saba vikaingia kichupa kimoja, kikaenda maabara.

Jibu likarudi: mikrogramu 2.1 za P. Mstari wa hatari ulikuwa 1.5.

Mzee Colin aliisoma karatasi mara mbili, akasema kwa miaka arobaini na sita kitu pekee kilichopikwa kwa siri humo ndani ni jamu ya machungwa. Kisha akaishusha picha ya marehemu mkewe, Maureen, ukutani, kana kwamba ukuta umemvunjia heshima. Tiaho alilia ndani ya gari.

"Shangazi, mwanangu simlazi humo. Naachana nayo."

Ndipo Huhana akafanya jambo ambalo kozi haikufundisha: akafikiri. Ukichota kijiko kimoja kimoja kutoka sufuria saba ukavichanganya bakulini, utajuaje ni sufuria ipi iliyozidi chumvi? Namba ile ilikuwa jumla ya vyumba saba, na mji mzima ulikuwa ukiisoma kama ya kila ukuta. Yeye mwenyewe alishaandika jumla za namna hiyo kwa nyumba kumi na tisa, akalala fofofo. Hilo lilimchoma. Alirudi na vichupa saba, bila kudai malipo.

Vyumba sita vilikuwa safi kabisa. Cha saba, alichokuwa akishonea Maureen, kilikuwa kimebeba mzigo wote.

"Nani alikuwa analala hapa, mzee?"

Colin alisugua goti.

"Darryl. Mpangaji. Alikuja mwaka mmoja baada ya Maureen kunitoka."

"Ulijua anavuta?"

"Pua ninayo, mama. Lakini kila jioni alikuwa ananichezesha karata. Anaiba, mshenzi yule, na nilimwacha aibe. Ningemfukuza nibaki na redio?"

Huhana akamwambia kazi yake ni kupima kuta, watu hawapimi. Colin akaomba Tiaho aelezwe yote, habari za Darryl zikiwemo, asije akayasikia kwa wakala yakiwa yameshapambwa.

Tiaho alikuja siku iliyofuata, tumbo likimtangulia. Alisimama katikati ya chumba kile akanusa, akauliza kama kinasafishika. Huhana akamjibu kwamba kinahitaji sabuni ya ukuta mara tatu, halafu kipimwe tena. Wale wenzake wa maovaroli wangekibomoa hadi zibaki mbao. Kabla hajamaliza, Colin alishafika mlangoni na ndoo.

"Kaa wewe, mama mtoto. Uchafu huu nimeufuga mimi."

"Upande ngazi na magoti hayo? Ukidondoka, babu, mimi nazaa hapa hapa."

Wakagawana: mzee akasugua hadi mkono unapofika, Huhana akamalizia juu, Tiaho akakaa kwenye kiti akiwaonyesha sehemu walizosahau, na kuwachambua bila huruma. Siku tatu. Kichupa kikaenda tena maabara kikarudi na 0.2, na Tiaho akapeleka karatasi benki asubuhi hiyo hiyo, benki ikakubali.

Colin aliomba wiki moja ya kufungasha. Tiaho akampa tatu. Jioni ile mzee alimwita Tiaho chumba cha kushonea, akamwonyesha kona ya kushoto ya dirisha.

"Kitanda cha mtoto weka hapa," alimwambia. "Jua la asubuhi halimpigi mtu machoni. Maureen alipajaribu pote na cherehani yake."